Barua kwa mwanangu: usiombe radhi kwa hesabu sahihi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara tatu. Unasema huu ni mwaka wa nne u mhandisi, na bado mgeni akiingia ofisini anakuuliza wewe, "Mhandisi yuko wapi?" Ukitoa hoja kikaoni inapita kama upepo; mwenzako wa kiume akiirudia, kila mtu anashika kalamu. Ukaniuliza: "Mama, ninyamaze au niwe mkali?"

Kwanza, kosa si lako. Usianze kujikagua mavazi wala sauti.

Sasa nikusimulie langu. Nilikuwa na umri kama wako. Tumeizunguka meza yenye mchoro wa ghorofa, na boriti moja nondo zake zilikuwa chache kuliko mzigo utakaoikalia. Hesabu nilikuwa nimezipiga usiku kucha. Nikainua mkono nikasema, "Samahani, labda nimekosea, lakini nadhani hapa nondo hazitoshi." Mkuu wa kikao akanitabasamia, akafunua ukurasa wa pili. Wiki iliyofuata kijana niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe akasema, "Boriti hii haitabeba." Kazi ikasimama siku hiyohiyo.

Nililia, kweli. Kisha nikairudia ile sentensi yangu neno kwa neno. Samahani, labda, nimekosea, nadhani. Nilikuwa nimewafungulia mlango wa kutokea kabla hawajautafuta.

Cecilia Payne, mwanaastronomia, yalimkuta makubwa zaidi. Mwaka 1925, akiwa na miaka 25, tasnifu yake ilionyesha kuwa nyota zina haidrojeni nyingi kupita kitu kingine chochote. Henry Norris Russell, bingwa wa fani hiyo, akamwambia haiwezekani. Payne akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba matokeo hayo karibu hakika si ya kweli. Mwaka 1929 Russell akafika palepale kwa njia nyingine. Alimtaja Payne, lakini sifa kwa muda mrefu zilimwendea Russell. Simlaumu binti wa watu, angebishana na bingwa kwa nguvu gani? Ila inaniuma kila nikiikumbuka.

Basi usinyamaze, na ukali huuhitaji (hata ukisema kwa upole yupo atakayekuita mkali, mwache). Tanguliza hesabu: "Boriti inabeba kiasi hiki, mzigo ni kiasi hiki." Kisha funga mdomo, waache wao wahangaike na kimya. Jioni hiyohiyo iandike ukurasa mmoja, tia jina na tarehe, watumie wote waliokuwepo. Karatasi yenye tarehe ni ngumu mtu kuirudia kama yake.

Tena usipigane peke yako. Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Obama walikubaliana kwamba mmoja wao akitoa hoja, mwingine airudie na amtaje mwenye nayo. Uliniambia mko wawili hapo. Wawili mnatosha kuanza.

Na lile daftari la kumbukumbu za kikao linalosukumwa mbele yako kila mara, pendekeza liende kwa zamu. Mimi niliandika miaka sita kabla sijagundua kwamba anayeandika hapati nafasi ya kusema.

Ya mkuu wako tutaongea kwa simu, hayo si ya kuandika.

Ile ripoti ya daraja nitumie kabla hujaipeleka. Hesabu sitazigusa. Nitafuta "samahani" tu.

Mama yako