Beki anapokuganda sikioni: ushauri kwa wanaoanza mpira wa Kigaeli

Ukivaa jezi ya klabu yoyote ya mpira wa Kigaeli hapa Ayalandi, jiandae kusemwa. Simaanishi mashabiki, hao utawazoea. Namaanisha yule beki aliyepewa kazi ya kukukaba, atakayekuganda bega kwa bega kuanzia mpira unarushwa hadi filimbi ya mwisho, na maneno hayamwishi. Mimi ni mshambuliaji wa pembeni katika klabu ndogo ya kijijini, daraja la chini, na vijana wetu wa Afrika Mashariki wanaoanza mchezo huu hunijia na swali lile lile: kaka, yule jamaa ananitukana, nifanye nini? Wengi wameshaambiwa wapuuze kwa sababu ni sehemu ya mchezo. Kuna maneno ya kupuuza, kweli. Kuna mengine ukiyapuuza unamuumiza mtoto atakayevaa jezi hiyo baada yako.

Kwa ambaye hajauona mchezo wenyewe: ni timu mbili za watu 15, mpira unadakwa kwa mikono, unadundwa, unapigwa kwa mguu au kwa ngumi. Ukipita juu ya mtambaa panya katikati ya nguzo ni pointi moja, na tangu 2025 ni pointi mbili ukipigwa kutoka nje ya tao la mita 40 lililochorwa mbele ya goli. Ukiingia wavuni ni goli, na goli ni pointi tatu. Uwanja ni mkubwa, mita 130 hadi 145 kwa urefu, na refa ni mmoja. Washika vibendera wa pembeni katika madaraja yetu mara nyingi ni watu wa klabu zenyewe. Sasa fikiria mpira uko upande wa pili, refa ameufuata, wachezaji karibu wote wako huko, na wewe umebaki na beki wako kwenye kona. Hakuna anayewasikia. Matusi ya mchezo huu huota hapo.

Jambo la pili ni kwamba hakuna anayelipwa. Tangu GAA, chama kinachosimamia mchezo huu, kianzishwe mjini Thurles mwaka 1884, klabu zake zimesimama juu ya parokia na kijiji, na mpinzani wako ni mtu wa parokia ya jirani. Anajua unafanya kazi gani. Anajua kaka yako aliachwa na mkewe, anajua nani alifiwa mwezi uliopita. Kwa hiyo maneno yake hayarushwi gizani; yanajua pa kutua. Sisi tuliokulia kwenye utani wa makabila tunaelewa maneno makali, mpaka msibani mtani anakuja kukusema na unacheka. Lakini mtani ana haki hiyo kwa sababu na wewe unayo kwake, na kesho yake ndiye atakayechimba kaburi. Beki anayemtajia mtu mama yake aliyekufa ili akose kupiga pointi si mtani wake.

Nianze na maneno ya kawaida, maana hayo ndiyo mengi. Utaambiwa kocha anakaribia kukutoa. Utaambiwa umepangwa kwa sababu klabu imekosa watu. Ukipiga nje utashangiliwa sikioni na kupapaswa kichwa kama mtoto. Atakufinya ubavuni, atakuvuta jezi, atakukanyaga kidole cha mguu mpira ukiwa mbali, kisha ukigeuka atainua mikono kuonyesha kwamba hajafanya kitu. Wapo wanaoita jina lako kama wenzako wanavyoliita, ili utoe pasi upande ambao hakuna mtu wenu. Na wapo wapole kabisa. Nimewahi kukabwa na beki mtu mzima ambaye hakunitamkia neno moja baya. Aliniuliza habari za nyumbani, Tanga iko upande gani, kwetu tunafuga ng'ombe wa aina gani, bei ya ndama ikoje. Maswali yake yalikuwa na tabia moja: kila lilipokuja, mpira nao ulikuwa unaanza safari kuja upande wetu.

Yote hayo, ya ukali na ya upole, yana kazi moja: kukutoa mchezoni. Kichwa chako kiwe kwake badala ya kuwa kwenye mpira. Akifanikiwa kidogo utachelewa hatua moja. Akifanikiwa sana utamsukuma au utampiga, na hapo yeye ameshinda, kwa sababu anayeonekana siku zote ni wa pili. Refa hugeuka akisikia watu wameguna, na wakati huo aliyeanza ameshalala chini. Ukipiga mtu ni kadi nyekundu, na timu yako itacheza na watu 14 kwa neno ambalo hakuna aliyelisikia isipokuwa wewe.

Hila hizi ziko mpaka juu kabisa. Agosti 2015, robo fainali ya taifa kati ya timu za kaunti za Tyrone na Monaghan pale Croke Park, uwanja mkuu wa chama jijini Dublin, Darren Hughes wa Monaghan alimvuruga nywele Tiernan McCann wa Tyrone. McCann akaanguka kama aliyepigwa ngumi, na Hughes akatolewa nje. Baadaye ilipendekezwa McCann afungiwe wiki 8 kwa kukiaibisha chama, ingawa mwishowe alisafishwa. Watu walimsema sana McCann, na walikuwa na haki. Lakini mimi nikiwa na vijana huwaonyesha mkono wa Hughes: usimguse mtu nywele, usimguse shavu, usimguse kabisa mpira ukiwa umesimama.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Fainali ya 2017, Dublin na Mayo, dakika za nyongeza, sare. Dean Rock wa Dublin anajiandaa kupiga faulo ya kuamua. Anapokwenda kupiga, Lee Keegan wa Mayo anakitupa kile kifaa cha GPS ambacho wachezaji huvaa mgongoni, akiulenga mpira. Rock akapiga, mpira ukapita katikati ya nguzo, na Dublin wakachukua kombe kwa 1-17 dhidi ya 1-16, yaani goli moja na pointi 17 dhidi ya goli moja na pointi 16. Mpigaji faulo wa aina hiyo ana utaratibu wake: hatua zile zile nyuma, pumzi ile ile, macho pale pale, mazoezini na kwenye mechi. Ukiwa na utaratibu uliouzoea, miguu inajua inakokwenda hata kama masikio yamejaa takataka. Jitengenezee wako. Usisubiri siku ya mechi.

Kwa mshambuliaji ambaye hapigi faulo, dawa yangu ni miguu. Kimbia. Beki anayeongea ni beki aliyesimama. Anza kutoka kwenye kona kuelekea katikati, rudi, katiza mbele ya goli, toka tena, hata kama mpira hauji. Baada ya muda maneno yanakatika kwa sababu pumzi inatakiwa kwingine. Nimewaona mabeki wenye midomo ya kutisha wakiwa kimya kipindi chote cha pili, na hakuna aliyewajibu neno. Na unapopumzika, pumzika karibu na goli. Nyuma ya kila goli wanasimama wasaidizi wawili wa refa wenye makoti meupe, wale wanaopeperusha bendera. Katika mechi zetu mara nyingi refa amekuja nao mwenyewe, ni watu wake, na wakimwambia wameona rafu nyuma ya mgongo wake anawasikiliza. Msogeze beki wako hapo uone kama atakufinya.

Usimjibu. Najua ni vigumu, hasa kwetu watu wa pwani ambao jibu huwa tayari mdomoni. Lakini jibu lako lolote, hata likiwa zuri kiasi gani, linamwambia kwamba amekupata. Isitoshe kanuni haimuulizi mtu nani alianza. Tangu 2014 maneno ya matusi au ya uchokozi kwa mpinzani ni kosa la kadi nyeusi. Mwanzoni uliyeipata ulikuwa unatolewa na kuingizwa mwingine, na tangu 2020 unakaa nje dakika 10 na timu yako inapungua. Wachezaji wengi wa madaraja yetu hawajui kwamba maneno tu yanatosha kwa kadi hiyo, kwa sababu marefa huitoa zaidi kwa kumwangusha mtu kwa makusudi. Mwambie nahodha wako. Mwambie mapema, kabla hujachemka, na mwache yeye akazungumze na refa: kwa kanuni zilizoanza 2025 msemaji ni nahodha, na mchezaji mwingine akienda kulalamika faulo inaweza kusogezwa mita 50 dhidi yenu.

Sasa nije kwenye maneno ya aina nyingine. Rangi yako, dini yako, ulikotoka, marehemu wako, ugonjwa wa mtu, mkeo. Hapo sitakwambia ukimbie.

Mimi niliambiwa neno la rangi kwenye mechi ya ligi, katika kile kimya cha kona nilichokieleza. Sitaliandika. Nilimwendea nahodha wetu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu asiyepandisha sauti. Hakuniambia nitulie. Aliniuliza, “Amesema nini? Nipe neno kwa neno.” Nikampa. Akaniuliza ni namba ngapi, na nani alikuwa karibu. Kisha mpira ulipotoka nje akamwendea refa na kumwambia yale yale, neno kwa neno, akamwomba ayaandike. Refa hakuwa amesikia, na alisema hivyo, lakini aliandika kwamba malalamiko yametolewa dakika ile. Tukaendelea kucheza. Usiku ule ule nilikaa na simu nikaandika kila kitu nilichokikumbuka, na asubuhi katibu wa klabu akawa na maandishi yangu.

Hivyo ndivyo inavyokwenda. Ripoti ya refa hupelekwa kwenye kamati ya kaunti inayosimamia mashindano, na ripoti hiyo ina uzito kuliko kitu kingine chochote. Ndiyo maana ni lazima refa aambiwe palepale uwanjani, hata kama hakusikia. Kama umesubiri mpaka Jumatano, bado katibu anaweza kuandika, lakini utaulizwa kwa nini ripoti iko kimya. Kanuni za GAA zinataja ubaguzi wa rangi na wa kidini kuwa kosa la kukiaibisha chama, kwa mchezaji, kiongozi na hata shabiki. Kanuni ipo. Inachohitaji ni mtu wa kuiamsha.

Wapo watakaokuja kukuomba uyamalize. Watakuja kwa nia njema, wengine ni marafiki, na watasema mambo ya uwanjani yaishie uwanjani. Msamaha wa mtu upokee ukitaka, ni wako. Lakini kupokea msamaha hakufuti ripoti, na usikubali vitu hivyo viwili vifungwe pamoja. Jason Sherlock, ambaye baba yake ni mtu wa Hong Kong, alitwaa ubingwa na Dublin mwaka 1995 na kupendwa na nchi nzima, na bado amesimulia hadharani jinsi alivyobaguliwa uwanjani. Lee Chin wa Wexford, anayecheza hurling, ule mchezo wa fimbo unaosimamiwa na chama hicho hicho, naye baba yake ni Mmalaysia, alisema wazi mwaka 2012 kuhusu matusi aliyotupiwa kwenye mechi ya klabu. Watu wenye majina makubwa walilazimika kusema mara nyingi ndipo wasikilizwe. Mimi na wewe tusiojulikana, karatasi ndiyo sauti yetu.

Kuna na upande wetu pia. Nimewasikia vijana wetu, wakishaizoea lugha ya hapa, wakianza kuwarushia wenzao maneno ya aibu na kujisifu kwenye gari wakati wa kurudi. Kocha akicheka, wanaongeza. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Kama wewe ndiye mkubwa kwenye gari hilo, wanyamazishe humo humo, tena kwa ukali. Huwezi kudai ripoti kwa neno ulilotupiwa huku umecheka la kwenu.

Kwa wazazi wenye watoto kwenye timu za chini ya miaka 12, 14 na kuendelea: mtoto akirudi kutoka mechini, kabla ya kumuuliza wamefungana ngapi muulize alikuwa anakabwa na nani na walikuwa wanaongea nini. Atakwambia kama unaulizia njiani, hatakwambia mezani mbele ya watu. Kila klabu ya GAA ina ofisa wa watoto. Tafuta ni nani mwanzo wa msimu, mjue kwa sura, chukua namba yake, ili siku ya shida usianze kuuliza. Usiende kumfokea mtoto wa wenzako, wala mzazi wake, kwenye maegesho ya magari. Nimeona kesi nzuri ikiharibika hivyo, mlalamikaji akageuka mshtakiwa.

Na mechi ya marudiano itakuja, maana klabu ni zile zile kila mwaka. Zungumza na kocha katikati ya wiki kama unataka kubaki kwenye kona ile ile au kuhamia upande mwingine. Mimi nilichagua kubaki. Nahodha na yule aliyecheza nyuma yangu walijua, na kila mpira ulipokwenda mbali mmoja wao alikuwa ameshasogea kiasi cha kusikia.