Tamasha la Muziki la Sauti za Busara, Zanzibar, kwa Mara ya Kwanza: Maswali Yenu

Nalala wapi? Nasikia Nungwi ni pazuri. (Msomaji, Mwanza)
Nungwi ni pazuri kwa kuogelea, lakini ni kaskazini kabisa mwa Unguja. Tamasha kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe, mbele ya bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe. Lala Mji Mkongwe, au Michenzani kama mfuko hauruhusu, urudi chumbani kwa miguu. Februari watalii ni wengi, kwa hiyo shika chumba mapema. Kitambulisho usikisahau: bei ya Mtanzania si bei ya mgeni.

Mwaka huu anakuja staa gani? (wengi mno)
Ratiba hutangazwa, someni. Mnaniuliza mimi kila mwaka kana kwamba ndiye ninayewalipa wasanii.

Ila kwa kuwa mmeuliza: anayekuja saa nne usiku kwa ajili ya jina moja anakosa nusu ya tamasha. Tangu 2004 hapa muziki hupigwa papo kwa papo, hakuna kufungulia CD na kufungua mdomo. Njooni jioni, jua likiwa bado linachoma, mkikuta kidumbak, ndugu mdogo wa taarab mwenye ngoma na kucheza, mkae. Mtazameni mpiga sanduku: sanduku la mbao, fimbo, uzi mmoja. Anaivuta fimbo uzi ukaze, analegeza, na besi nzima ya kundi inatoka hapo. Pembeni fidla inakimbizana na vidumbak viwili, zile ngoma ndogo zilizoupa muziki jina. Watu waliolipa nauli ya boti kutoka Dar huwa wako nje wakati huo, wanapiga picha na mlango wa nakshi.

Naweza kupata tiketi ya bure? (Dar es Salaam)
Hapana. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Nunua, tena sehemu rasmi, si kwa mlanguzi wa getini.

Kwenye taarab naruhusiwa kucheza? Na ile ya kumpa mwimbaji pesa inakuwaje? (Msomaji, Dodoma)
Hili ndilo swali. Kwanza, usitarajie rusha roho, ile taarab ya kisasa ya kucheza. Ukibahatika kuwakuta Nadi Ikhwan Safaa, waliopo tangu 1905, au Culture Musical Club, hiyo ni taarab asilia. Ala hutangulia: udi, ganuni, fidla, akodiani, kwa muda mrefu, mwimbaji amekaa kimya. Hapo ndipo wageni huanza kupiga soga na kuulizana "mbona haanzi?" Ameshaanza, ndugu yangu. Hiyo ndiyo taarab.

Kutunza: chenji noti ndogo mapema. Subiri ubeti unaokugusa, inua noti juu ionekane, nenda mbele taratibu kwa madaha, mpe mwimbaji mkononi, urudi kwako. Usimrushie, usimng'ang'anie kwa selfi. Na angalia unatunza ubeti gani. Taarab ni mafumbo. Ukiinuka kwenye ubeti wa kumsuta mwizi wa mume, jirani yako wa kiti anaweza kudhani umemlenga yeye.

Nivae nini?
Mabega na magoti yafunikwe. Mji Mkongwe watu wanaishi, wanaswali, wanapeleka watoto madrasa.

Kurekodi kwa simu ni ruhusa?
Wimbo mmoja. Kisha ishushe, aliye nyuma yako naye kalipa.

Zanzibar ni ghali kwangu. Kuna pengine? (Msomaji, Morogoro)
Bagamoyo. Tamasha la TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, lilianza 1982, na siku hizi watu hulidharau kwa sababu halina watalii wengi. Utakuta ngoma kutoka mikoa mbalimbali. Ukisikia zeze la nyuzi na ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, za Wagogo, usipite. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyezifikisha nje ya nchi, aliishi hapo hapo Bagamoyo.

Nije na mtoto wa miaka sita?
Jioni, ndiyo. Mkalishe mbali na spika, na ikifika saa tatu mtoe mkale urojo Forodhani. Pilipili muuzaji aiweke kando.