Kuagiza maboksi ya filamu za kutisha ukiwa Mwanza: niliyoyapitia

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba unaishi Nyakato, umejiwekea akiba kidogo kidogo, na sasa unataka kuagiza boksi lako la kwanza, yaani seti ya diski, la filamu za kutisha za zamani za Universal, studio ya Hollywood, lakini wenzako wanakushangaa kwa sababu kijana wa dukani anaweza kukujazia filamu zote hizo kwenye flashi kwa fedha ya chakula cha mchana. Nimekusanya maboksi ya aina hiyo hapa hapa Mwanza kwa zaidi ya miaka kumi. Nimeharibikiwa na mawili, nimetapeliwa mara moja, na bado nakushauri ununue. Naomba tu unisome kabla hujatuma fedha.

Sababu yangu ilianzia Kirumba. Katika miaka ya tisini mjomba wangu alikuwa na kibanda cha video karibu na mwaloni, na wateja wake walikuwa wavuvi waliosubiri giza waingie ziwani pamoja na wachuuzi wa dagaa waliomaliza kazi ya siku. Alikuwa na kanda moja iliyochakaa ya filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931. Kuna sehemu ambapo zimwi linakutana na mtoto wa kike, Maria, kando ya ziwa; mtoto haliogopi, analigawia maua, na wote wawili wanayarusha majini wayaone yakielea. Maua yanaisha, zimwi linanyoosha mikono kumwelekea mtoto, na hapo picha inaruka. Baadaye baba yake anaonekana akipita mjini amembeba, mtoto akiwa amekwisha kufa. Sisi watoto tuliokulia ufukweni tulilijaza pengo lile kwa akili zetu, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna aliyefikiria jambo jema. Mjomba alituambia kwamba deki ndiyo iliyokula kanda.

Nilipopata boksi langu la kwanza, lile la filamu nane lililotoka mwaka 2012 kwa Blu-ray, diski zenye picha safi kuliko za DVD, niliweka Frankenstein kabla ya nyingine zote. Sehemu ile ilipofika, picha haikuruka. Zimwi linaitazama mikono yake mitupu, linamwinua mtoto na kumrusha majini likiamini kwamba naye ataelea kama ua, kisha linapoona haibuki linababaika na kukimbia huku likihangaika na mikono yake. Kumbe deki ya mjomba haikuwa na kosa lolote. Kipande kile kilikatwa zamani na wakaguzi wa filamu, kikarejeshwa katika miaka ya 1980, na kanda yetu ilitokana na nakala iliyokatwa. Kikikosekana, unaondoka ukiamini kwamba umeona muuaji katili. Kikiwepo, umeona kiumbe asiyejua kwamba maua huelea lakini mtoto huzama. Sekunde chache tu zinageuza filamu nzima. Tangu usiku ule, ninapotaka kununua kitu, swali langu la kwanza ni toleo gani, na jina la filamu hufuata baadaye.

Hilo ndilo flashi haiwezi kukupa. Kijana wa dukani hana ubaya wowote, lakini hajui nakala aliyonayo imetoka wapi, imekatwa na nani, wala imebanwa mara ngapi hadi giza la ukutani likageuka vigae vya rangi ya kijivu. Na filamu ya kutisha huishi gizani, kwa hiyo ukiliharibu giza umeiharibu filamu. Katika boksi lile lile la filamu nane kuna Dracula ya mwaka 1931 mara mbili: ile ya Kiingereza, na nyingine ya Kihispania iliyopigwa kwenye majengo yale yale ya studio, wasanii wake wakiingia kazini usiku baada ya kundi la Kiingereza kuondoka. Nilizitazama kwa usiku mbili mfululizo. Kamera ya wale wa usiku inatembea zaidi, na kwa maoni yangu wao waliielewa nyumba ile ya Dracula vizuri kuliko wenzao wa mchana. Sijawahi kuikuta ile ya Kihispania kwenye flashi yoyote mjini.

Fikiria pia Nosferatu, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1922. Mjane wa Bram Stoker, mwandishi wa kitabu cha Dracula, alishtaki kwa sababu hadithi ya mumewe ilitumiwa bila ruhusa, akashinda, na mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziteketezwe. Tunaitazama leo kwa sababu baadhi ya nakala zilikwisha kusambaa nchi nyingine na watu wakazitunza.

Sasa tuje kwenye deki, maana hapa ndipo fedha za wengi hupotelea. Diski hugawanywa kwa kanda za dunia, na mgawanyo wa DVD si ule wa Blu-ray. Kwa DVD, Tanzania imewekwa kanda ya 5, Marekani ni ya 1, na Uingereza ni ya 2. Kwa Blu-ray kuna kanda tatu tu, A, B na C. Afrika yote iko B pamoja na sehemu kubwa ya Ulaya na nchi za Kiarabu, ilhali Marekani iko A. Mimi sikulijua hilo. Shemeji yangu aliporudi kutoka Marekani aliniletea zawadi ya boksi la DVD, nikakaribisha majirani, nikapanga viti, na deki ikaandika kwenye kioo kwamba diski hairuhusiwi katika eneo hili. Deki nyingi za DVD za bei nafuu husoma kanda zote, na hatimaye nilipata moja iliyotumika ikaimaliza shida hiyo. Deki za Blu-ray ni ngumu zaidi kufunguka, kwa hiyo usinunue boksi la Marekani kwa kutegemea kwamba fundi atakufungulia.

Ushauri wangu ni huu: agiza matoleo ya Uingereza. Kanda yake ya Blu-ray ndiyo yetu, na deki zinazoingia hapa kupitia Dubai nazo ni za B. Baadhi ya maduka ya kule hukuondolea kodi yao ya asilimia 20 unapoagiza ukiwa nje, ingawa huku utakutana na yetu ya asilimia 18 pamoja na ushuru na usafirishaji. Boksi langu la kwanza lilinigharimu karibu mara mbili ya bei iliyoandikwa, na hesabu hiyo uifanye mapema. Diski za 4K, zenye picha kali kuliko Blu-ray ya kawaida, hazifungwi kwa kanda, lakini zinahitaji deki yake na televisheni yake. Kwa filamu hizi, ambazo karibu zote ni za rangi nyeupe na nyeusi, Blu-ray ya kawaida inatosha sana. DVD za Uingereza zina kasoro moja ndogo: filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, nazo huziendesha kwa 25, hivyo filamu ya dakika 100 humalizika kwa 96 na sauti za waigizaji mara nyingi hupanda kidogo. Blu-ray huiendesha kwa kasi yake halisi.

Kuhusu boksi kubwa la Universal lenye filamu 30, ningesubiri. Ndani yake mna Son of Frankenstein ya mwaka 1939, ambayo ningeinunua hata peke yake, lakini filamu za baadaye za Mummy, ile maiti ya Misri inayofufuka, zinarudia jambo moja hadi mtu achoke. Anza na zile nane, uone kama utazirudia.

Kutapeliwa kwangu kulikuwa hivi. Muuzaji mmoja wa mtandaoni aliuza boksi la filamu za Hammer, kampuni ya Uingereza ya filamu za kutisha, kwa bei ya chini mno, kava lake likiwa zuri hata kupita kiasi. Lilipofika, niligeuza diski ya kwanza nikaona upande wake wa chini una rangi ya zambarau. Diski ya DVD iliyotengenezwa kiwandani ina rangi ya fedha, au ya dhahabu hafifu ikiwa na tabaka mbili, kwa sababu taarifa zake zimechapwa kwenye plastiki na kufunikwa kwa utando wa metali. Ile ya zambarau imechomwa kwa kompyuta juu ya rangi ambayo joto na mwanga huifubaza mwaka hadi mwaka. Itazame pia pete nyembamba inayozunguka tundu la katikati: diski ya kiwandani huwa na maandishi na namba ndogo zilizochongwa hapo, ambazo huonekana ukiiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Mwombe muuzaji akupigie picha ya pete hiyo. Akikataa, achana naye.

Kutunza ndiko kazi kubwa kuliko kununua, na watu wa bara la Ulaya wanaoandika kuhusu maboksi haya hawaishi kando ya ziwa letu. Mwezi Mei 2020 ziwa lilipopanda hadi kupita kiwango cha mwaka 1964, nilikuwa nimepanga chumba Nyegezi, si mbali na maji. Maji hayakuingia ndani, lakini ukuta ulilowa kutoka chini, na rafu yangu ilikuwa imeegemea ukuta huo. Nilipovuta boksi moja, kijitabu chake cha karatasi zinazong'aa kilikuwa kimegandamana kuwa kipande kimoja kama kipande cha ubao. Nilijaribu kukifungua kwa ncha ya kisu, ukurasa mmoja ukabandua uso wa picha na kuubakiza mgongoni mwa ukurasa wa pili. Diski zake nane zilikuwa salama kabisa. Boksi la pili lilikuwa chini ya hilo, nalo mchwa walikuwa wameanza na kona, wakala ganda lote la nje na kuacha makasha ya plastiki yamesimama wima katikati ya udongo.

Kwa hiyo inua rafu yako kutoka sakafuni, iache nafasi ya kiganja kati yake na ukuta, na uweke ndani zile pakiti ndogo za kunyonya unyevu ambazo wauza viatu vipya huzitupa. Mimi huziomba dukani na kuzibadilisha kila masika na kila vuli. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoinuka kama moshi wakiufuata mwanga, ukiona wameanza kugonga dirisha, zima taa kabla hujafungua trei ya deki. Diski ikichafuka, ifute kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka; ukizungusha mkono, mkwaruzo utafuata njia ya mwanga unaosoma na utaharibu sehemu ndefu ya filamu. Nunua stabilaiza pia, kwa sababu umeme ukirudi kwa kishindo, deki ndiyo hulipia.

Nina ombi moja, na nalisema kwa moyo wote. Tunapoagiza zimwi la Hollywood, tusiziache za kwetu zipotee. Mussa Banzi, mwongozaji filamu wa Tanzania, alituletea Nsyuka na Shumileta, na wengine wengi walifuata nyayo hizo. Filamu za kutisha za enzi hizo zilitoka kwa kanda za video na VCD, diski isiyobeba zaidi ya dakika 74 au 80, ndiyo sababu filamu moja ilikuja kwa diski mbili na mara nyingi moja ikapotea. Hakuna kampuni iliyowahi kuziwekea boksi. Mimi nilimwendea seremala wa Mabatini, akanitengenezea kasha la mninga lenye mifuniko miwili na nafasi 20. Hadi leo nimejaza 13, zote kwa kupekua vibanda vya Mlango Mmoja na masanduku ya watu wanaohama nyumba. Nne kati ya hizo ni sehemu ya kwanza pekee. Ukipita huko Nyakato ukakuta VCD za kutisha za Kibongo zenye maandishi ya "sehemu ya pili", hata kama kava limechanika, nipigie picha ya diski yenyewe pande zote mbili uiweke hapa chini, nami nitazifuata mwenyewe, hata ikibidi kuvuka hadi Sengerema au Ukerewe.