Maswali ya Wapiga Besi: Preampli ya Raki, Usiichague kwa Sauti ya Dukani

Swali: Yaya (mkubwa wangu), jambo sana. Napiga besi kwenye kwaya huku Kampemba, na Jumamosi napiga na orkestra ya vijana kwenye harusi. Gitaa langu lina nyuzi nne, halina betri. Mpaka leo naliingiza moja kwa moja kwenye mikseri na sauti inatoka nyembamba, haina uhai. Kuna duka hapa mjini lina preampli mbili za raki (mashine za kukuza sauti ya gitaa kabla haijafika kwenye ampli, za kufungwa kwa skrubu kwenye sanduku) zilizokwisha kutumika, zimetoka Marekani: Alembic F-1X yenye lampi (kile kichupa cha kioo kinachokuza sauti), na SansAmp RBI isiyo na lampi. Ile ya kwanza wanaiuza karibu mara mbili ya hii ya pili. Muuzaji amekubali nizijaribu. Nichukue ipi, na nizijaribu namna gani?
— Mpiga besi wa kwaya, Kampemba

Jibu: Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla pesa haijatoka mfukoni. Nitakujibu kwa urefu, maana vijana wengi wa hapa Lubumbashi wanachagua preampli wakiwa peke yao dukani, na shida inaanzia hapo.

Kwanza tuelewane kuhusu huo wembamba. Gitaa lako si baya. Pikapu za gitaa lisilo na betri zinatoa umeme dhaifu sana. Tundu la laini la mikseri mara nyingi lina ukinzani wa kiloomu 10 au 20 hivi, na pikapu za namna hiyo zinataka tundu lenye karibu megaomu 1. Ukizifunga kwenye ukinzani mdogo, sauti za juu zinakufa na nguvu inapungua. Preampli yoyote ya besi iliyotengenezwa sawasawa inaondoa tatizo hilo. Kwa hiyo ukichomeka gitaa lako pale dukani, zote mbili zitakufurahisha, na furaha hiyo haitokani na lampi. Usiilipie mara mbili.

Kabla ya sauti, angalia umeme. Geuza kila moja usome nyuma. Marekani wanatumia volti 120 na hezi 60. Sisi tuna volti 220 na hezi 50. Ukikuta swichi ya kuchagua 115 au 230, iweke kwenye 230 na ubadilishe fyuzi, maana volti zikiwa maradufu fyuzi inatakiwa iwe ya nusu ya ampea zile. Ukikuta imeandikwa 120 peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Angalia pia kama kibao kinasema 50/60, kwa sababu mashine iliyotengenezewa hezi 60 tu inapata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu. Preampli haili umeme mwingi, transfoma ndogo inatosha. Usikubali kuuziwa ile kubwa ya friji. Na mwambie muuzaji aiwashe mbele yako, uiache mpaka ipate joto lake, ndipo uchomeke gitaa.

Sasa tuje kwenye vitufe, na hapa nakuomba usome taratibu. Alembic F-1X ina lampi moja ya 12AX7, ambayo Ulaya wanaiita ECC83. Sehemu yake ya kurekebisha sauti imefuata mzunguko wa ampli za zamani za Fender, na mzunguko huo una tabia yake. Ukiweka vitufe vyote vitatu katikati, usidhani umepata sauti ya gitaa lenyewe. Umechimba shimo kwenye sauti za kati. Ukitaka kusikia gitaa jinsi lilivyo, shusha sauti nzito na sauti kali karibu na sifuri, kisha pandisha sauti za kati mpaka mwisho. Macho yatakataa, lakini ndivyo ilivyojengwa. Asiyejua hilo anaviacha vitufe katikati, anapiga peke yake, anasikia unene mtamu, analipa. Jumapili kwaya ikianza kuimba, besi yake haisikiki, naye anailaumu sono, yaani mitambo ya sauti.

SansAmp RBI inaiga tabia ya ampli ya lampi bila kuwa na lampi ndani, na sauti yake ya asili pia imepungua katikati. Kitufe chake cha kujua vizuri ni kile kilichoandikwa Blend, kinachochanganya sauti safi ya gitaa na ile iliyopita kwenye mzunguko wa SansAmp. Anza kikiwa chini kabisa, ulisikie gitaa lako, kisha kipandishe polepole. Mahali utakaposikia noti zinaanza kukwaruza kidogo bila kupoteza umbo lake, simama hapo. Wengi wanakizungusha mpaka mwisho kwa sababu dukani kinavutia.

Nasisitiza sauti za kati kwa ajili ya muziki wetu. Sebene, ile sehemu ya kasi ya kucheza, inapoingia, magitaa ya solo, mi-solo na akompa wanajaa juu, ngoma kubwa inashika chini, na wewe huko chini hukai: unaruka, unaacha nafasi, unajibu ngoma, unapanda shingo ya gitaa. Uzi wako wa chini, E, ukipigwa wazi una hezi 41. Bafle (masanduku ya spika) nyingi za makanisa yetu hazifiki huko kwa nguvu. Unachosikia ni hezi 82, 123 na zinazofuata, na sikio linajaza lililobaki. Ukiongeza sauti nzito kwa desibeli 6, unaidai ampli nguvu mara nne huko chini. Ukiongeza 10, ni mara kumi. Ampli inaishiwa, koni zinapiga kelele, na wimbo bado hauna besi. Desibeli 3 tu kati ya hezi 500 na 800 zitakusaidia kuliko hizo zote. Sikiliza rekodi za TPOK Jazz, orkestra ya Franco, umsikilize Decca Mpudi au Flavien Makabi, wapiga besi wake: kila noti ina mwanzo na mwisho wake, unaweza kuiimba kwa mdomo. Rumba yetu iliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2021, na sehemu kubwa ya utamu wake imebebwa na besi inayoeleweka.

Siku ya kujaribu, nenda na gitaa lako, waya wako, na mwenzako anayepiga akompa. Piga kwa nguvu zile unazopiga kwenye harusi ikichangamka, usiguseguse kwa vidole vya adabu. Pandisha kitufe cha nguvu ya kuingia mpaka sauti ianze kukwaruza unapopiga kwa nguvu kabisa, kisha rudisha nyuma kidogo. Halafu sawazisha ukubwa wa sauti wa preampli zote mbili kupitia ampli ile ile na bafle ile ile. Hili watu wanalipuuza sana, nalo ndilo linaloamua: iliyo kubwa zaidi, hata kwa kiasi kidogo, sikio litasema ndiyo nzuri. Mwenzako abadilishe waya wewe ukiwa umegeuka, usijue unapiga kwenye ipi.

Piga nyimbo unazopiga kweli. Anza na ubeti wa taratibu, kisha sebene, kisha panda mpaka kwenye kituo cha 12 cha uzi wa G usikie kama noti za juu zinabaki na mwili. Noti moja ikivuma kuliko wenzake, usihukumu haraka. Sogea hatua chache uisikilize tena. Ikibadilika, huo ni ukumbi. Mwenzako naye aingize akompa juu yako, kwa sauti kubwa kama ya mazoezi.

Usisahau kusikiliza kimya chake. Funga sauti ya gitaa, pandisha ile ya preampli. Mchirizo mdogo ni wa kawaida, hasa kwenye lampi. Mngurumo mzito ni jambo la kuuliza. Kwa ile Alembic, gonga kifuniko polepole kwa kalamu: ukisikia mlio kama wa kengele kwenye bafle, lampi imechoka. Hiyo ni sababu ya kupunguziwa bei, si ya kuikataa, maana 12AX7 bado zinatengenezwa na kuibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi. Wewe usifungue. Ndani ya mashine za lampi kuna volti nyingi za kuua, na zinaweza kubaki kwa muda hata baada ya kuchomoa waya.

Kama muuzaji ni mtu wa kueleweka, mwachie dhamana uende nazo kwenye mazoezi ya kwaya. Mpe mwenzako gitaa, wewe tembea mpaka mlangoni. Kwaya yote ikiimba na bado unafuata mstari wa besi noti kwa noti ukiwa umesimama pale nyuma, preampli hiyo inakufaa. Usitegemee kurekodi kwa simu, kipaza sauti chake hakichukui huko chini.

Uamuzi wangu, kwa hali uliyonieleza: chukua SansAmp RBI. Ina tundu la XLR, lile la pini tatu, la kwenda moja kwa moja kwa fundi wa sono, haina lampi ya kutikiswa kwenye pikipiki kila Jumamosi, na pesa inayobaki nunua stabilizateri nzuri na nyuzi mpya. Umeme wa mitaa yetu unashuka jioni, saa ile ile ya harusi, na stabilizateri itakulinda kuliko jina lolote lililoandikwa mbele ya mashine. Alembic naipenda sana; ule uwazi wake noti inapoanza, sijaupata mahali pengine. Lakini iko nyumbani kwake ikifungwa kwenye raki pamoja na ampli yake, kwa mtu mwenye mahali pa kudumu pa kupigia. Ukifika huko, niandikie tena, tutaongea.

Swali: Yaya, preampli yangu ikienda kwenye ampli kwa jeki imenyamaza. Nikiongeza waya wa XLR kwenda kwenye mikseri, inanguruma. Imeharibika?
— Katuba

Jibu: Haijaharibika. Preampli na mikseri zinapata ardhi kupitia njia mbili, na mngurumo unazunguka kati yake. Tafuta nyuma swichi iliyoandikwa Ground Lift, iwashe. Ikiwa haipo, chukua umeme wa mashine zote mbili kwenye soketi moja, ujaribu tena. Kuna wanaokata mguu wa ardhi kwenye plagi ya umeme. Usifanye hivyo kamwe, na ukimwona fundi anafanya, mzuie, kwa sababu siku waya ukiguswa ndani, wewe mwenye nyuzi za chuma mkononi ndiye unakuwa ardhi. Na mwombe fundi wa sono azime zile volti 48 za kulisha maikrofoni kwenye mlango wako wa mikseri kabla hujachomeka.

Swali: Seremala wangu hapa Kenya, mtaa wetu wa Lubumbashi, anataka kunitengenezea sanduku la raki kwa preampli na ampli. Nimpe vipimo gani?
— Kenya

Jibu: Uso wa mashine za raki una upana wa inchi 19, yaani sentimita 48.26. Kimo kinahesabiwa kwa U, na U moja ni sentimita 4.445. Matundu ya skrubu ya kushoto na kulia yanaachana sentimita 46.5 kutoka kati hadi kati. Hapo ndipo maseremala wengi wanakosea, wanapima upana wa uso tu. Kina mpimie mwenyewe kwa ampli yako, na umwongeze nafasi ya plagi na waya nyuma, maana plagi zilizobanwa ndizo zinazokatika. Ampli ikae chini kwa uzito wake. Usiweke preampli juu yake moja kwa moja: transfoma ya ampli inarusha mngurumo ndani ya preampli iliyo karibu. Acha U moja au mbili wazi katikati, joto nalo lipite. Kabla ya kufunga skrubu zote, washa zote mbili, shika preampli mkononi uisogeze kushoto na kulia ukisikiliza bafle. Utasikia mahali mngurumo unapopungua. Mbele na nyuma mwekee vifuniko vya kufunga. Vumbi letu jekundu la kiangazi linaingia kwenye vitufe, na baada ya misimu michache vinaanza kukwaruza kila ukivizungusha.