Kazi za nyuma zinazopaswa kufuatana

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaandika kwa Java programu ya kompyuta ya mezani ambayo, mtumiaji akibofya kitufe kimoja, husoma faili la mauzo, hukokotoa jumla za mwezi, kisha huandika ripoti. Kila kazi nimeipa SwingWorker yake (chombo cha Java cha kuendesha kazi ndefu nyuma ya dirisha) na kuita execute, amri ya kuianzisha, mara tatu, lakini ukokotoaji huanza kabla faili halijaisha kusomwa. Nilipoongeza get, amri ya kuchukua matokeo, baada ya kila execute, mfuatano ulinyooka ila dirisha likaganda. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, execute haisubiri kazi iishe; huikabidhi tu kwa kundi la nyuzi za nyuma (thread, yaani njia za utekelezaji zinazokwenda sambamba), ambazo kwa SwingWorker hazizidi 10, ndiyo maana kazi zako zilishikwa na nyuzi tofauti kwa wakati mmoja. Kwa upande wake get husubiri kweli, lakini umeiita katika uzi uleule unaochora dirisha na kupokea mibofyo, ndiyo maana dirisha likaganda.

Wengi watakushauri utumie foleni ya uzi mmoja, newSingleThreadExecutor, iliyokuja na Java 5 mwaka 2004. Hulinda mfuatano, nami huipenda pale kazi zisipotegemeana. Kwako haitoshi: faili likishindwa kusomeka, foleni itaendelea na kazi ya pili, nayo itakokotoa data tupu, na ya tatu itaandika ripoti ya sifuri ambayo mwenye duka anaweza kuiamini. Hilo lanitia wasiwasi kuliko dirisha lililoganda, kwa sababu dirisha lililoganda kila mtu huliona.

Ulichonacho ni kazi moja yenye hatua tatu. Ziweke zote ndani ya doInBackground, sehemu inayoendeshwa nyuma, ya SwingWorker moja, moja chini ya nyingine. Hatua ya kwanza ikitupa hitilafu, zinazofuata hazitaguswa. Kwa publish utatuma habari ya hatua iliyofikiwa, na process, inayoendeshwa na uzi wa dirisha, itaiandika kwenye lebo. Zima kitufe kabla ya execute na ukiwashe ndani ya done, sehemu inayoitwa kazi ikiisha, la sivyo mtumiaji atabofya tena na kazi mbili zitagombea ripoti moja.

Ndani ya done ndipo get inapostahili kuitwa, kwa kuwa kazi imekwisha na hakuna cha kusubiri. Usipoiita, hitilafu iliyotokea nyuma itamezwa kimya. Ikamate kama ExecutionException, hitilafu inayofunika ile ya awali, chukua chanzo chake kwa getCause, kisha mwonyeshe mtumiaji ujumbe unaolitaja faili lililokwama.