Maswali ya wasomaji: Mtunzi anapotaka kuwa mwalimu

SWALI: Ndugu Mhariri, hapa Pangani watu wananijua kwa mashairi ya harusi na mahafali. Sasa vijana wanataka niwafundishe utunzi. Nianzie wapi, na kazi hii italipa?
Mtunzi, Pangani

JIBU: Ndugu yetu, anzia masikioni. Walimu wengi hukimbilia maudhui, na wanafunzi wakatoka na insha zilizokatwakatwa mistari. Siku ya kwanza wape mshororo mmoja tu, waupigie makofi silabi kwa silabi:

Mtoto akitulia, mzazi hupumzika.

Mizani, yaani silabi, ni 16: ukwapi (nusu ya kwanza) 8, utao (nusu ya pili) 8. Mgeni wa utunzi atahesabu 13, kwa sababu humeza “m” ya mtoto, ya mzazi na ile iliyo katikati ya hupumzika, na kila moja ni mzani kamili. Akishakosea hesabu, atachomeka neno la kujazia na mshororo utaharibika. Lakini “mwa” ya mwalimu ni mzani mmoja. Hapo napo hujikwaa.

Wakilishika hilo, nenda kwenye vina vya kati na vya mwisho, kisha ubeti mmoja wa mishororo minne. Usiwaharakishe. Ubeti mmoja uliosahihishwa mara tatu una faida kuliko kumi zilizolipuliwa. Angalia pia inkisari: ni ruhusa ya kufupisha neno, ila wanagenzi huigeuza kichaka cha kufichia uvivu. Kila shairi lighaniwe darasani. Kasoro ambayo jicho limeiruka, sauti hukwama hapo. Kwa kanuni, kitabu cha mshairi Amri Abedi cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi, bado kinafaa sana. Anayependa shairi huru mwache aandike, ila baada ya kujifunza arudhi, yaani kanuni za mizani na vina.

Kuhusu malipo, darasa peke yake ni nadra kumtosha mtu, kwa hiyo usiache tungo za shughuli. Patana bei mapema na uchukue nusu kabla ya kuanza. Majina ya maharusi uandikiwe, usitajiwe tu kwa simu: Amina ni mizani 3, Mwanakombo ni 4, na jina likibadilika usiku wa kuamkia harusi, utavunja kila mshororo lilimo.

Weka nakala yenye tarehe ya kila shairi unalopeleka redioni. Diwani, yaani kitabu cha mashairi yako, ikikamilika, isajili COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) kabla ya kumpa mchapishaji, na fuatilia matangazo ya Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ushairi umo.