Neema, usitupe Kapita kwanza

Mwanangu Neema,

Nimesikiliza ile odio yako mara mbili, ya kwanza jana usiku umeme umekatika niko mu giza na tochi ya simu, ya pili leo asubui na chai yangu. Unasema ulichukua Kapita, paka ya mwenzako wa kazi mwenye walihamisha Kolwezi, leo ni siku ya 6, na tangu ifike inakaa nyuma ya friji, mukipita inapumua kama nyoka, usiku inatoka inawauma miguu, na jana ikamukwaruza Gloire mukono mpaka damu. Baba Gloire anasema iende sokoni na haraka. Na wewe unaniuliza: "Baba, ulikaa na paka miaka yote ku depo, nifanye nini na hii Kapita?"

Nitakujibu yote mama, lakini tuanze na mukono ya mujukuu wangu juu hiyo haingoji barua.

Mukiisha kusoma hii line, mumuoshe tena pale alikwaruzwa, maji yenye inatiririka na sabuni ya kufulia, dakika 15 kamili kwa saa, hata kama mulishaosha jana. Kisha leo leo mumupeleke ku hopitali mueleze kwamba ni paka na damu ilitoka. Ni juu ya raje, kichaa cha mbwa. Inaitwa ya mbwa lakini paka pia inaipata na inaipitisha, na kwetu Kongo ugonjwa huo uko, na ukishaanza kumuonyesha mutu alama zake hakuna munganga anaweza kumuokoa, lakini chanjo ikitiwa mapema inazuia kabisa. Piga simu kule Kolwezi, muulize mwenzako kama paka ilichanjwa na kitabu chake cha chanjo kiko wapi, akutumie picha. Tena muiangalie siku 10: kama iko na raje mu mate leo, mbele ya siku hizo kuisha itakuwa imegonjwa wazi au imekufa. Ikimaliza siku 10 inakula, inakunywa, iko sawa, basi hakukuwa na raje mu ile kwaruzo. Lakini usingoje hizo siku ziishe njo umupeleke mutoto! Muende, munganga ataamua sindano ngapi na kama wataendelea ama wataacha. Na njo sababu ingine ya kutoitupa sokoni, ukiitupa nani ataiangalia hizo siku 10?

Haya. Sasa Kapita yenyewe.

Ile paka haiko mubaya Neema, iko na woga. Paka inajua nyumba yake kwa harufu kuliko kwa macho, inapita inasugua mashavu ku milango, ku miguu ya viti, ku miguu ya watu, pale inaacha harufu yake, na kila ikinusa harufu hiyo inajua hapa ni kwangu. Sasa wakaifunga mu karto, ile boksi ya karatasi ngumu, gari, kelele, karto ikafunguliwa kwenu na hakuna harufu hata moja inajua, kuna mutoto wa miaka 4 anakimbia, kuna televizyo, kuna mwanaume mwenye sauti kubwa (mukwe wangu anisamehe lakini sauti yake naijua). Ingefanya nini? Ilitafuta shimo. Na kila mukipita pale mu shimo lake inaona mumekuja kuikamata.

Mimi hii nilijifunza kwa maumivu. Ulikuwa mudogo, hutakumbuka, ile depo ya Birere hapa Goma tulikuwa tunaweka maharagi na unga, na depo bila paka ni chakula ya panya. Mama moja akaniletea paka ya rangi ya majivu kutoka Sake, ndani ya gunia. Nikafungua gunia katikati ya depo, ikaruka nyuma ya mifuko. Nikasema mu roho, nikiikamata nikaishikilia kidogo itazoea. Nikaivuta kwa muguu. Iliniuma kidole gumba, matundu madogo manne, damu kidogo tu, nikafunga na kitambaa nikaendelea kupima maharagi. Kesho yake kidole kilikuwa kama ndizi na homa juu. Munganga akanieleza meno ya paka ni kama sindano, inaingiza uchafu ndani sana halafu ngozi inajifunga juu, kwa hiyo kidonda unaona kidogo kumbe ndani kunaoza. Antibiotiki, na wiki mbili sikuinua gunia. Kwa hiyo hata wewe, ile ya miguu, kama kuna mahali panavimba, pana moto, onyesha munganga siku hiyo hiyo.

Mwenye alituliza ile paka hakuwa mimi, ni mama moja alikuwa anauza chai pale mulangoni. Alikuwa anaweka sahani ya vichwa vya sambaza, wale samaki wadogo, karibu na mifuko, halafu anakaa chini, anaigeuzia mugongo, anachambua maharagi yake. Haiiti, haiangalii. Siku ingine sahani inasogea kidogo kuja kwake. Mimi nilimuona anapoteza wakati. Karibu mwezi ikaisha, siku moja nafungua depo nikakuta paka imelala juu ya kikwembe chake, kitenge cha kujifunga.

Fanya kama yeye. Toeni Kapita nyuma ya friji lakini si kwa mikono, weka chakula mu ile chumba ndogo yenye munaweka mizigo, acha mulango wazi usiku, nyumba ikae kimya, itaenda yenyewe, asubui unafunga. Hiyo chumba iwe yake peke yake kwa siku nyingi. Weka karto ilale kwa upande na nguo yako yenye umevaa ndani, usiifue, harufu yako ikuwe pale inalala. Maji kona moja, chakula kona hiyo, na beseni ya muchanga kona ya mbali kabisa juu paka haipendi kula karibu na choo, hata wewe hungependa. Muchanga ukuwe laini, kila siku toa uchafu. Na kama kuna kabati acha ipande juu, paka yenye iko juu inaona kila kitu na woga inapunguka, usiishushe.

Wewe ingia mara mbili tatu kwa siku, kaa chini, piga simu yako, soma, imba, uchambue sombe, majani ya muhogo, chochote. Usiishike. Usiangalie mu macho kwa nguvu, kwao kuangaliana hivyo ni vita. Ikikuangalia, funga macho yako pole pole kama mutu mwenye usingizi, fungua pole pole, angalia pembeni. Watu wa chuo kikuu cha Sussex kule Uingereza walijaribu hii na paka za watu mu majumba yao, wakaitangaza 2020, wakakuta paka inarudisha ile kufunga macho, na inakubali zaidi kukaribia mukono ya mutu mugeni akiifanyia hivyo kuliko akikaa na uso mukavu. Niliisomaga ku simu nikamukumbuka ule mama wa chai, mugongo wake ulikuwa unasema kitu kile kile.

Na tena nikakukumbuka wewe. Januari 2002, mulima Nyiragongo ilipotapika na moto ikapita katikati ya mji, tulivuka Gisenyi kule Rwanda na miguu, umeshika ile sufuria ndogo hukutaka kuiachilia, kisha tukakupeleka Bukavu kwa mama mukubwa kule Kadutu. Ulikuwa na miaka 5. Siku tatu ulikaa chini ya kitanda. Mama mukubwa alitaka kukuvuta ukamuuma mukono! Wewe, mutoto mwenye hakuna mutu alishawahi kumusikia akipiga kelele. Mama yako akamukataza mutu yeyote kukuvuta, akalala chini pale sakafuni pembeni ya kitanda, anakuwekea uji, hasemi kitu. Siku ya nne usiku ukatoka mwenyewe ukalala ku mukono wake. Siwezi kuandika hii bila machozi mama, na sitaki kusikia tena mu odio yako kwamba "hii paka imezaliwa na roho mubaya".

Tuendelee. Kuuma miguu usiku, hiyo ni ingine kidogo. Paka inaamka giza ikiingia na alfajiri, njo saa zake za kuwinda, na mu nyumba yako hakuna panya (ninatumaini) kwa hiyo kitu yenye inatembea ni miguu yenu. Funga manyoya ya kuku ku kamba, kamba ku kijiti kirefu, na jioni mbele ya kulala uvutishe chini kama panya, ijifiche, itoke, acha iikamate kweli, dakika 10 ama 15, kisha papo hapo mupe chakula. Itawinda, itakula, itajilamba, italala. Lakini kamwe, kamwe msicheze nayo na vidole wala miguu, najua Baba Gloire anapenda kutikisa kidole, aache, juu unaifundisha kwamba mukono ni nyama.

Na musiipige. Hata kandambili usiirushe. Paka haiwezi kuunganisha kofi na kosa, inaunganisha kofi na wewe.

Umufundishe Gloire kusoma mwili yake, watoto wanajua haraka: masikio imelala nyuma, mukia inapiga piga, ngozi ya mugongo inatetemeka, macho imekuwa nyeusi yote, basi kila mutu anasimama, anarudi nyuma bila kukimbia. Hata paka yenye imezoea, ukiishika sana mugongoni inaweza kuchoka ikageuka kuuma, kwa hiyo unaishika mara mbili tatu ku shavu unaacha, ikitaka tena itakuja. Kwa sasa Gloire asiingie kwa Kapita bila wewe, na asiende pale imelala ama inakula.

Angalia dirisha pia. Kama kuna paka ya jirani inapita ku ukuta, Kapita inaiona, inakasirika, haiwezi kuifikia, basi inamurukia mwenye iko karibu. Unaona imekuuma bure bila sababu kumbe sababu iko inje. Funika kioo ya chini na karatasi ama rido, pazia.

Munganga ya wanyama ni lazima. Pale Lubumbashi muko na bahati, UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, iko na fakulte ya waganga wa wanyama, uliza pale wakuelekeze. Aangalie meno, masikio, kama kuna kidonda ya zamani, juu paka inaficha maumivu na unaijua tu siku inakuuma. Achanje. Na kama Kapita haijahasiwa, ihasiwe, dume yenye haijahasiwa inapigana, inakojolea kuta, inapotea usiku, ikihasiwa hizo zinapunguka sana kwa wiki kadhaa. Na ukiiona inaingia mu beseni inajikaza mukojo haitoki, usingoje kesho, dume inaziba na inaweza kufa kwa siku moja ama mbili.

Usiipe parasetamoli hata nusu, hata robo! Yenye inatuponya sisi inaua paka. Na ile dawa ya viroboto ya mbwa usiimwage juu yake, kuna yenye iko na permetrini, inaua pia. Maziwa acha, inaharisha, maji inatosha. Samaki ya kuchemsha bila chumvi, bila kitunguu.

Ulisema majirani wanasema macho yake inawaka usiku na kwamba ni ya ulozi. Waambie mu heshima kwamba nyuma ya jicho ya paka kuna ngozi yenye inarudisha mwangaza, hata ya mbuzi inawaka. Usibishane sana, lakini usiiachie itembee inje wiki hizi za kwanza, si juu ya majirani tu, ikitoka sasa itatafuta nyumba yake ya zamani na haitaiona.

Baba Gloire nitamupigia mimi mwenyewe jioni. Nitamuomba miezi 3. Siku 3 za kwanza paka iko ina woga tu, wiki 3 inaanza kujua ratiba ya nyumba, miezi 3 njo unaanza kuona kweli tabia yake, hivyo njo watu wenye wanaokota paka wanahesabu, na wewe uko ku siku 6. Kama miezi 3 inaisha na bado inatafuta watu kuwauma, nitafutie nafasi, nitaiweka ku depo ya rafiki yangu hapa Goma, lakini si sokoni.

Sasa vaa viatu, muchukue Gloire, muende hopitali. Ukifika kule nitumie picha ya mukono, niko na simu mukononi.

Baba yako